Prosesi Mpaka Mvua Inyeshe

Juzi, nje ya ghala la kahawa kule Kanoni, bibi mmoja aliketi kando ya magunia ya kahawa aliyoianika mwenyewe, akingoja ipimwe. Wingu lilikuwa limeshatanda.

“Mjukuu wangu, mbona hupimi?”

“Prosesi, bibi,” karani akajibu, macho kwenye simu.

Kwa karani huyo, prosesi, yaani utaratibu kwa Kiingereza chake, ni mwenye ufunguo wa mizani kutofika. Prosesi ni kunywa chai. Mchana ikawa usingizi wake pale kwenye kiti, nami kwenye foleni nyuma ya bibi nikisaga meno.

Mvua ilipomwagika, bibi akavua kitenge alichojitanda, akafunika magunia. Karani akapaza sauti kutoka barazani: “Bibi, kahawa iliyolowa hatupokei!”

Hapo hakutaja prosesi. Kiswahili chake kilinyooka kabisa.