Twaiba na Masikio ya Bwana Ndege

Mwabungo nzima inamjua Abdulwahab, Bwana Ndege. Wageni hutoka mbali kuja kumsikiliza akitaja ndege kwa mlio tu, macho kayafumba. Mkewe, kwa miaka thelathini na mmoja sasa, ni dada yangu Twaiba, lakini ukiuliza habari zake utaambiwa, ah, yule wa mahamri. Mimi huniudhi hilo, mwenyewe halimshughulishi.

Twaiba hakusomea ndege. Aliwajua jikoni, kwa maneno yao. Pugi husema mama kafa, baba kafa, nimebaki mimi tu, tu, tu. Hilo kila mtoto wa Pwani analijua. Wengine amewatungia maneno mwenyewe. Shorwe, kwake, husema "Twaiba, chai, Twaiba, chai." Watoto wao wanne walilelewa hivyo, na binti aliyeolewa Jego akipiga simu huuliza kwanza shorwe kasemaje leo.

Mwaka jana masikio ya shemeji yakachoka. Aliulizwa kama chumvi yatosha, akajibu wa alaykumu salaam. Tulicheka, kisha tukaacha, maana siku ya kila mwaka ya kuhesabu ndege ilikaribia na wageni ishirini walikuwa njiani. Ndege ndio uhai wake. Akiaibika mbele yao, hatatoka tena nje ya ua.

Twaiba akapata hila. Atakaa mkabala naye akisuka ukili wa mkeka, na kila ndege akilia, atayasema maneno yake kwa midomo tu, bila sauti. Shemeji atamsoma. Nikauliza, je, wakimwona? Akanicheka: nani amtazame muuza mahamri?

Kweli, hakutazamwa. Wageni waliinua macho mitini, shemeji akataja pugi, akataja shorwe, na Luqman, kiongozi wao, akaandika. Nilianza kuringia hila isiyo yangu.

Kisha kichakani akalia ndege ambaye Twaiba hajapata kumsikia. Midomo yake ikatulia. Luqman akauliza, "Na huyo, mzee?" Shemeji hakusikia hilo pia. Nikajua tumekwisha.

Shemeji alimtazama mkewe, akawatazama wageni, akaelewa kuwa hila imekwama.

"Nisameheni. Mimi sisikii tangu mwaka jana," akasema. "Tangu asubuhi mnamsikiliza mke wangu."

Vichwa ishirini vikamgeukia dada yangu, unga wa mahamri ungali kwenye leso. Luqman akamsogelea.

"Shikamoo, mama. Huyo anasemaje?"

"Marahaba." Twaiba akatega sikio. "Anasema, niliona, nikanyamaza."

Jina hakulijua. Abdulwahab akamwomba auige mlio ule kwa mluzi sikioni mwake, karibu kabisa. Akafumba macho. Mara ya tatu uso ukamng'aa, akamtaja: kekeo, ambaye mara ya mwisho alimsikia akiwa kijana, huko Matuga. Ndege akatokeza tawini, wageni wakamhakiki kwa darubini, na Luqman akaandika majina ya wawili waliomtambua, la Twaiba mwanzo. Nililia, sioni haya kusema.

Siku hizi huketi bega kwa bega, Twaiba husikia, mumewe hutaja jina. Mahamri huisha kabla ya saa mbili. Jana mgeni aliniuliza iko wapi nyumba ya Bwana Ndege. Nikamwambia hii hapa ni ya Bi Twaiba. Mumewe pia yumo.