Ini la Ng'ombe wa Mjomba Saidi

Meno yangu ya utotoni yalikuwa bado yanang'oka vita vya Majimaji vilipofika kwetu Chiwata. Sasa mimi ni bikizee, na mengi ya vita vile yamenitoka. Siku ile ng'ombe alipopasuliwa haijanitoka.

Mjomba wangu Saidi alichunga ng'ombe wa ukoo wetu pamoja na wa majirani, wachache tu, maana nchi yetu si ya mifugo. Chini ya kijiji palikuwa na bonde la tope lenye majani mabichi mwaka mzima. Bibi yangu, mama yake mjomba, ambaye watu wote walimwita Mama Saidi, alikataza ng'ombe wasishushwe huko.

"Bonde lile lina mwenyewe," aliniambia. "Ng'ombe akila majani yake, naye humla ng'ombe ini."

Askari wa Mdachi walipoanza kuchoma mashamba na kuswaga mifugo ya watu, mjomba hakuwa na pengine pa kuficha. Alilishusha kundi lote bondeni, kwenye matete. Bibi alimfuata mpaka ukingoni akilia.

"Mama, wakibaki juu watachukuliwa leo hii," mjomba alimjibu. "Huyo mwenye bonde angalau hana bunduki."

Askari walipita wasiwaone. Tulishangilia.

Ng'ombe walikaa kule masika yote. Kisha wakaanza kukonda, na huku wanakula. Uvimbe wa maji ukawaning'inia chini ya taya, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Njaa ilikuwa imeshaingia, basi aliyekufa alipasuliwa pale pale. Jirani yetu Mzee Chilumba ndiye aliyelikata ini. Lilikuwa gumu, kisu kikikwaruza, na katika mishipa yake mlikuwa na vidudu bapa kama vijani, vinajikunja.

Mimi nikasema, kwa furaha ya mtoto anayejua jambo, "Bibi alisema! Alisema ini litaliwa!"

Mzee Chilumba aliweka kisu chini. "Alijuaje?"

Waliokuwa wamezika watoto kwa njaa walitaka mtu wa kumbebesha msiba wao. Siku ya tatu walijaa uani kwetu. Mjomba angeweza kusema kwamba hata yeye alionywa tangu udogo wake, na kwamba ng'ombe aliwashusha yeye. Aliangalia miguu yake tu.

"Leteni mwavi," bibi alisema. "Sina ninachokiogopa."

Mwavi ni sumu waliyopimia wachawi. Asiye na hatia huitapika. Aliinywa asubuhi, amekaa mkekani, akanituma maji ya kusukutua. Niliporudi na kata alikuwa ameegemea ukuta. Hakutapika.

Miaka mingi baadaye alikuja bwana mifugo. Alichota tope la bondeni akatuonyesha konokono wadogo kama punje za mtama. Humo, alisema, ndimo minyoo ya ini inamokulia, kisha hupanda majanini na ng'ombe huimeza. Akatuagiza tuizibe njia ya bondeni kwa miiba na kuwanywesha mifugo dawa. Watu walimshukuru sana. Mimi niliondoka kabla hajamaliza.

Wanangu huniambia, "Mama, ulikuwa mtoto, hukujua." Ni kweli. Lakini mjomba hakuwa mtoto, wala Mzee Chilumba, na wote wawili walizikwa kwa heshima. Bibi alizikwa kando, peke yake. Anayepalilia kaburi lake ni mimi, na sijui nikifa atalipalilia nani.