Mtu Mzito Kugeuka

Kaka yangu alimchukia mtu wetu wa kwenye gemu kuliko alivyolichukia jitu lenyewe. Ni gemu ya zamani ya kutisha. Umefungiwa kwenye jumba, jitu linakutafuta chumba kwa chumba, na wewe unautafuta mlango wa nyuma. Shida ni kwamba mtu wako hageuki upesi. Ukibonyeza juu anakwenda mbele, kule alikoelekeza uso. Ukibonyeza kushoto anazunguka palepale, taratibu, mpaka umwachie.

"Huyu anageuka kama lori la semi pale Kibaigwa," kaka alisema. "Jitu limeshafika, yeye bado anatafuta rivasi."

Kwake ile ilikuwa kero tupu. Mimi niliupenda ule uzito, maana kama mtu angekuwa mwepesi, jitu lingekuwa kama ng'ombe tu barabarani, unalikwepa unapita. Ila sikusema. Nyumbani kwetu mimi ndiye nisiyesema.

Likizo hiyo alikuja dada, mtoto wa mama mkubwa, anayesoma bweni huko Buigiri. Dada haoni, tangu mdogo. Alikaa nasi mkekani, mapazia tumeyafunga kwa sababu jua la mchana linaifuta picha yote kwenye tivii, akamsikiliza kaka akiliwa, akaliwa tena. Kisha akanyoosha mkono kuitaka pedi ya kuchezea.

"Lete hiyo pedi."

"Dada, hii ni ya kuangalia."

"Wewe umeangalia wiki nzima na umeliwa. Lete."

Kazi yangu ikawa kumwelezea. Ngazi ziko mbele. Meza iko kulia. Simama. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nainamia dawati, lakini pale nilikuwa naongea mpaka koo linakauka. Dada akanicheka, "Kumbe una sauti, mdogo wangu." Siku zilivyokwenda akawa haniulizi sana. Hatua zikikatika anajua kagonga ukuta. Zikilia mbao anajua yuko korido ya juu.

Kaka akataka kumfurahisha. Akaingia kwenye mipangilio akabadilisha mtindo, akaweka ule mpya: unasukuma upande wa skrini unaotaka, na mtu anakwenda huko moja kwa moja. "Nimekurahisishia," alimwambia.

Dada akapotea ukumbi wa kwanza. Katika gemu ile picha hubadilika kila ukiingia mahali, mara unaonyeshwa kwa juu, mara kwa nyuma, na kila ikibadilika kushoto nako kunahama. Alikuwa anagongagonga kuta kama kuku aliyeingia sebuleni. Jitu likamla. Akarudia, likamla tena. Akaiweka pedi chini polepole, akasema amechoka, akatoka uani kuchambua mchele.

Nilimfuata, nikakaa upande wa pili wa ungo.

"Mwanzo nilikuwa najua nimeelekea wapi," alisema. "Mbele ilikuwa mbele. Sasa inahamahama."

"Mwambie kaka."

"Mimi mgeni, na yeye amefanya kwa wema. Mwambie wewe." Vidole vyake vikatoa jiwe, vikalitupa. "Jumatatu narudi shule. Kila ninapokwenda kuna mtu kanishika mkono, na sikatai. Ila lile jumba nilitaka nitoke mwenyewe."

Nilirudi ndani. Nikasimama mbele ya tivii.

"Kaka, rudisha mtindo wa zamani."

"Ule mbovu?"

"Huohuo. Kwake yeye ndio ulionyooka."

Alinitazama, kwa sababu mimi siagizi watu. Halafu akarudisha, akaenda mwenyewe mlangoni. "Dada, njoo bwana. Nilikuharibia."

Dada alifuta mikono kwenye kanga, akakaa. "Na wewe leo nyamaza," akaniambia.

Hapo ndipo nilipoteseka. Mwisho wa korido niliona bega la jitu, liko palepale konani, na dada anakuja. Nikang'ata ncha ya mtandio. Dada akasimama. Alikuwa amesikia pumzi ya jitu. Akaanza kumgeuza mtu wake, na yule mtu akazunguka kwa uvivu wake uleule. Nilitamani niingie kwenye tivii nimshike mabega. Kaka, aliyekuwa anamtukana kila siku, alikuwa ananong'ona, "Geuka, mzee, geuka."

Akamwingiza kwenye mlango wa pembeni, jitu likapita nyuma yake, likaenda zake. Dada akasubiri mpaka pumzi ikaisha, akamrudisha mtu alikokuwa anaelekea, akabonyeza juu. Mbao zikalia. Kisha mawe. Kisha bawaba.

Skrini ikawa nyeusi yote.

"Imegoma?" kaka akauliza, akaanza kuinuka.

"Kaa chini," dada alisema. Alikuwa anacheka, pedi ameikumbatia kifuani. "Nimetoka. Hamsikii mvua?"