Jeneza la Spana

Mamamkwe wangu alikoroga uji kwa chuma cha kung'olea tairi, akanywa kikombe kizima, kisha akasema uji wa Ruiru una ladha ya gereji. Alikuwa amekuja kutoka Gatuanyaga kutibiwa macho huko Thika, na wakati huo hakuona tofauti kati ya mtu na pazia. Chuma hicho kimepinda kwenye ncha kama kijiko, nami nilikuwa nimekiweka kwenye droo ya vijiko. Mume wangu alikiona mkononi mwa mama yake, akaweka mkate chini.

"Hizi vitu za baiskeli zitoke kwa hii nyumba," akasema. "Ama zipate mahali pao. Sitasema tena."

Alisema tena wiki nzima.

Mimi huendesha baiskeli kutoka Ruiru hadi Thika, ninakouza vitambaa katika duka la familia moja ya Kihindi. Nilijifunza kuitengeneza mwenyewe kwa sababu kila fundi niliyempelekea aliniuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Basi nikanunua spana, kisha spana nyingine, kisha koleo, pampu, kifaa cha kukata cheni, gundi, viraka, makopo ya grisi na oili. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, na vifaa hivyo vyote vilijitafutia malazi. Bisibisi iliishi ndani ya kochi. Oili ilikaa karibu na mafuta ya kupikia, na sitaeleza zaidi.

Si kwamba sikuwa nimejaribu. Kwanza nilitumia ndoo ya rangi, lakini ndoo ina tabia moja tu: kitu unachotaka kiko chini kabisa. Nikanunua mfuko wa kuwekea viatu, ule wenye vifuko vingi, nikauning'iniza nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ushirika wa kanisa ulipokutana kwetu, mchungaji akiwa katikati ya kuiombea ndoa yetu amani, ndoano iling'oka na spana zote zikaanguka kwa pamoja. Mchungaji aliruka maombi ya watoto wa kanisa na ya wagonjwa wote, akaenda moja kwa moja kwenye amina. Baadaye nikapigilia misumari kwenye ubao huko nje kwenye baraza. Mvua ikanyesha, koleo ikashika kutu hadi ikakataa kufungua mdomo.

Aliyepata suluhisho ni mamamkwe mwenyewe, ambaye sote tunamwita mami.

"Twende kwa yule fundi wa Witeithie," akaniambia. "Yule alimtengenezea mzee wangu sanduku. Mzee amelala huko miaka hii yote na hajawahi kulalamika."

Tulipitia huko siku moja tukitoka kliniki, mimi nikimshika mkono. Karakana ya fundi iko kando ya barabara. Majeneza yako mbele, vitanda na kabati ziko nyuma, kwa hivyo ukitaka mahali pa kulala lazima kwanza upite penye mahali pa kulala kabisa. Alipotuona, mwanamke anayemwongoza mama mzee aliyefunikwa macho, alivua kofia na sura yake ikabadilika.

"Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu ana urefu gani?"

"Mrefu kabisa ni pampu," mami akajibu.

Ilinibidi nieleze. Fundi alisikitika kidogo, kama mtu aliyenyimwa mazishi, kisha akatuonyesha kabati zake. Zilikuwa nzuri, lakini zote zilikuwa nene. Mahali pekee palipobaki nyumbani kwetu ni ukutani kwenye korido, na ukiweka hapo kitu kilichotokeza sana, mume wangu itabidi apite upandeupande. Mume wangu si mtu wa kupita upandeupande. Sasa kwa mbele ametokeza zaidi kuliko siku ya harusi.

Wakati tunabishana, mami alikuwa akipapasapapasa vitu, na mkono wake ukaangukia jeneza moja lililosimamishwa kwenye kona.

"Na hii?"

"Hiyo ilikuwa oda," fundi akasema. "Mwenyewe akapona."

Alitusimulia. Familia ilikuja ikilia, ikasema daktari ameshasalimu amri. Fundi akafanya kazi kwa bidii, akapaka vanishi, akaweka kitambaa cha zambarau ndani. Wiki iliyofuata mgonjwa mwenyewe alikuja kwa miguu yake kujua ni nani hasa aliyetoa oda hiyo, maana ndugu zake walikuwa wanasukumiana. Hadi leo akipita barabarani husalimia, lakini hatazami kwenye kona.

Mami alicheka hadi akatafuta mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa tayari nimeweka mkono ndani kupima. Jeneza lilikuwa jembamba, refu, la mbao ngumu. Likisimama upande wa miguu, kifuniko kitakuwa mlango.

"Unaweza kuweka shelfu?" nikauliza.

"Ndani ya jeneza?"

"Kwani aliyemo atalalamika?"

Tulikubaliana shelfu, bawaba na komeo. Nikamwambia aondoe kitambaa cha zambarau kwa sababu grisi itakiharibu, jambo lililomuumiza kuliko yote, na aweke kipande cha kapeti ya plastiki. Msalaba wa kwenye kifuniko alisema ameushindilia kwa skrubu na hana moyo wa kuung'oa, nitautoa mwenyewe. Angetuletea Jumamosi.

Alhamisi nilikuwa dukani nikikata kitambaa cha mapazia wakati simu ilipolia. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa ploti yetu, mwanamke ambaye hujua habari kabla hazijatokea.

"Uko wapi? Kaa chini kwanza," akasema. Alikuwa analia. "Pole sana. Jikaze. Tuko hapa kwako na akina mama wote. Mami yetu, jamani."

Kisha simu ikakatika.

Asubuhi nilikuwa nimemwacha mami kitandani akisema kichwa kinamuuma. Nilimpigia mume wangu, simu yake imezimwa. Bosi wangu, mzee wa Kihindi asiyependa mtu atoke hata kununua maji, aliniangalia mara moja akaninyang'anya mkasi. "Enda, mama, enda," akasema. "Chukua gari, mimi nalipa." Lakini miguu ilikuwa imeshanipeleka kwa baiskeli, na nikapanda.

Sikumbuki vizuri njia hiyo. Nakumbuka nililia Juja nzima. Nakumbuka nikijiuliza nitamwambiaje mume wangu, mtu ambaye bado humpigia mama yake simu kumuuliza kama ameota jua. Na nikamkumbuka mami siku niliyopelekwa Gatuanyaga mara ya kwanza, shangazi wakinichunguza kama ng'ombe wa mnada, yeye akanishika mkono akaniambia nikae karibu naye, kwa sababu hao wengine wana midomo na yeye ana viazi. Kijana mmoja wa pikipiki alipunguza mwendo kando yangu. "Madam, uko poa?" Nikamwambia niko poa. Akaona uso wangu, akanisindikiza hadi Ruiru.

Nilipoingia getini nilikuta viti vya plastiki, chupa za chai, pakiti za sukari na unga. Akina mama walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa. Katikati, juu ya viti viwili, palikuwa na jeneza limefunikwa leso. Fundi alikuwa amemaliza mapema, dereva wake akaliacha kwa keateka wetu, mwangalizi wa ploti, na keateka hakuona sababu ya kuuliza. Akina mama walijua mgonjwa wa nyumba yetu ni mmoja tu, wakamaliza hesabu wenyewe.

Mami alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kitambaa machoni, leso kichwani kama waombolezaji wengine, kikombe cha chai mkononi.

Nilishika nguzo ya geti. Nikaenda nikachuchumaa kando yake, nikamgusa goti ili nihakikishe.

"Umekuja?" akanong'ona. Alijua mkono wangu. "Nimeamshwa na nyimbo, nikafuata ukuta. Kuna mtu amenipatia kiti na chai. Hawa wamefiwa na nani? Kila nikiuliza naambiwa nyamaza, tunaomba."

"Wamefiwa na wewe, mami."

Mbele yetu mwenyekiti alikuwa anaomba, amefumba macho kabisa, akimshukuru Mungu kwa maisha ya mama mpole, mnyenyekevu, asiye na maneno mengi.

"Wanasema sina maneno mengi?" mami akauliza.

Akanipa kikombe, akasimama, akajikohoza. "Mama, hapo umeongeza," akasema kwa sauti ambayo huita mbuzi kutoka ng'ambo ya pili.

Mwenyekiti alifumbua macho. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, pale pale penye saruji, kama gunia lililoachiliwa. Mama mwingine alikimbilia ngazi. Keateka, ambaye nadhani alitaka kuwa na uhakika ni nani basi aliyemo ndani, alivuta leso na kufungua kifuniko.

"Iko na shelfu," akatangaza.

Nilieleza. Nilieleza mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyesikia. Walikasirika, kisha mmoja akaanza kucheka, na mwishowe hata mwenyekiti akacheka akiwa bado sakafuni. Mami alisema chai iliyopikwa haiwezi kurudi kuwa majani, basi tukakaa tukainywa. Akamwomba mwenyekiti amalizie kumsifu, sasa kwa vile yupo wa kusikia. Mwenyekiti akamsifu, lakini ile sehemu ya maneno mengi akaiacha.

Jioni mume wangu alifika akikimbia. Simu yake ilikuwa imejaa pole. Alipomwona mama yake kwenye kochi akila mkate, alikaa karibu naye, akaegemeza kichwa begani pake. Kisha akatazama korido, ambako tulikuwa tumelisimamisha jeneza.

"Na hiyo italala hapo?"

"Hailali," mami akasema. "Imesimama."

Tulizipanga spana sisi wawili, mimi na mami. Alishika kila kifaa, akakipapasa, akaniuliza kinafanya nini na mara ngapi, ndipo akaamua shelfu yake. Ninazotumia kila siku ziliwekwa kwenye kifua. Vitu vya grisi vilienda miguuni. Msalaba niliufungua kwa bisibisi ile ya kwenye kochi, nikaukabidhi kwa mume wangu aamue, kwa sababu mambo ya namna hiyo humpa usingizi mzuri akiyaamua mwenyewe. Aliugeuza mara kadhaa mikononi. Akaupigilia juu ya mlango wa chumba cha wageni, ambamo mama yake angelala hadi macho yapone, na kabla ya kurudi kochini akafungua jeneza na kupenyeza brashi zake za viatu kwenye shelfu ya chini, akidhani sikumwona.