Mgeni Niliyempeleka kwa Mama

Msiniulize kwa nini siku hizi siendi nyumbani Nyamache.

Klara, Mjerumani, alikuja ofisini kwetu Kisii kujifunza kazi miezi mitatu. Wikendi mimi ndiye niliyemtembeza. Tuliona wachonga mawe, tukaona mashamba ya majani chai, nikaishiwa na pa kumpeleka. Nikampigia mama simu: "Jumapili nakuja na msichana. Anataka kuona nyumbani."

Kapera wa miaka thelathini na tisa, na akili zangu timamu, nikasema hivyo!

Tulipofika, wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba. Mama, ambaye miguu ilikuwa imemlaza tangu Krismasi, alisimama mlangoni bila fimbo, akamfunga Klara leso mpya. Nikaelewa papo hapo. Nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa anacheka. Klara alipiga picha kila kitu, hata jogoo akichinjwa.

Tukingoja chakula, mama akamuuliza, "Mwanangu, harusi ni lini?"

Klara alijivunia Kiswahili chake. "Nimeolewa, mama. Ijumaa narudi kwa mume wangu."

Nyimbo zikakatika. Mama alipapasa kiti, akaketi.

"Basi kuleni," akasema. "Jogoo ameiva."