Geji ya Baba na Harusi ya Shangazi Nyemo

Sisi tuliokulia vijiji vya pembeni mwa Mvumi, enzi ambazo pikipiki ikipita mtoto anaacha tonge sahanini na kukimbia nje, tuliionja raha ambayo watoto wa leo hata ukiwahadithia wanakuonea huruma. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja, ufagio mkono wa pili. Tukirudi, tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, ule unaovutika toka bakulini mpaka kidevuni, kisha tukacheza rede hadi vumbi likatufanya wote rangi moja. Mama alikuwa akituambia, "Nyie, nikipanda karanga vichwani mwenu zitaota."

Lakini nikikutana na wenzangu wa rika langu, habari za rede hawaniulizi. Wanasema, "Neema, hebu tusimulie ile geji ya baba yako."

Baba alikuwa bwana shamba. Alikuwa na pikipiki nyekundu aliyoipenda mno, hata bibi, mama yake mzazi, akawa anaiita "mkwe wangu wa pili". Shangazi Nyemo, mdogo wake baba, alipochumbiwa, baba aliapa kwamba bibi harusi ataingia Mvumi kanisani juu ya pikipiki ile, tena iking'aa. Wiki ya harusi ilipokaribia akaifungua yote pale uani ili aisafishe. Fundi hakumtaka, alisema mafundi humbadilishia mtu vyuma. Vipuri vikajaa masufuria ya mama, nasi tukawa tunapikia chungu cha bibi.

Alipoifunga, iliwaka kwa teke la kwanza. Tulishangilia! Zilibaki skrubu chache kwenye sufuria, baba akatueleza kuwa kiwandani huwa wanaweka za ziada.

Tatizo likawa geji ya mafuta. Baba alijaza tanki, akaenda kunawa mikono, aliporudi akakuta mshale umelala kwenye alama ya tupu.

"Nimeibiwa mafuta," akasema.

"Sasa hivi? Na sote tumekaa hapa?" mama akauliza. "Si ufungue kifuniko uchungulie?"

"Mama Neema, geji iliwekwa ili mtu mzima asichungulie tanki kama anachungulia sufuria ya mboga."

Aliyekuwa amepita njiani muda ule ni jirani yetu, Mzee Ndahani, mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa ameahidi kuwabeba wazee siku ya harusi. Baba akamfuata mpaka kwake, nami nyuma.

"Shikamoo, Mzee Ndahani."

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu."

"Naomba unipulizie usoni."

"Nikupulizie nini?"

"Pumzi. Anayenyonya mafuta kwa mpira hubaki na harufu mdomoni."

Mzee wa watu akapuliza. Ilinukia karanga. Baba akatikisa kichwa na kusema karanga hizo zimeliwa makusudi ili kufuta harufu. Mzee Ndahani akasema kwa upole kwamba wazee wa harusi watatafutiwa usafiri mwingine. Bibi aliposikia, alikataa kula.

Kesho yake baba aliongeza mafuta mengine, yakafurika na kumwagika hadi kwenye viatu. Mshale haukunyanyuka hata kidogo. Akakaa chini, akafikiri, akatoa jibu: tanki lilisinyaa lilipooshwa.

Kisha akaanza kuifanyia majaribio. Akaenda Mvumi na kurudi, na mshale ukapanda kidogo. Akaenda tena, ukapanda zaidi. Kadiri alivyozunguka, ndivyo geji ilivyoonyesha mafuta kuongezeka. Siku hizo baba alikuwa na furaha ya kutisha. Aliwaambia watu wote njiani kwamba injini ikifungwa na mtu mwenye akili, haili mafuta, inayarudisha.

Asubuhi ya harusi mshale ulisimama kwenye alama ya kujaa kabisa. "Tazameni, imeshiba!" baba akatangaza. Shangazi akapanda upande upande, shela imekunjwa mapajani, na sisi tukafuata mbio tukiimba na kupiga vigelegele.

Katikati ya korongo, kwenye mchanga, pikipiki ikakohoa na kuzima.

Baba akasafisha plagi. Akapuliza waya. Akatikisa geji, mshale ukabaki umeng'ang'ania pale pale kwenye kujaa. "Kitu chochote, ila si mafuta," akarudia, jasho likimtiririka hadi kwenye tai. Kengele ya kanisa ilianza kulia, na mchungaji alikuwa na ndoa nyingine baada ya hiyo. Shangazi alianza kulia pia. Bibi akasogea na kuligonga tanki kwa fimbo yake. Likaitika ndi, ndi, ndi.

"Mwanangu," bibi akasema, "hii ni ngoma."

Hapo ndipo mkokoteni ukatokea nyuma yetu. Mzee Ndahani, na koti lake la kanisani, akasimamisha ng'ombe. Akaitazama pikipiki, akamtazama bibi harusi, kisha akamsogelea baba.

"Bwana Shamba, nikupulizie?"

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi, ndani ya shela, huku machozi yakimtoka. Tukacheka sote, hata bibi. Baba akainama akitazama mchanga. Mzee Ndahani alimpakia bibi harusi, akampakia bibi, na mwisho akampakia baba na pikipiki yake. Tuliingia kanisani mchungaji akiwa amekwisha kufunga kitabu, na bwana harusi anapepewa na ndugu zake. Ndoa ikafungwa.

Baadaye baba alitoa boya la geji, lile linaloelea juu ya mafuta ndani ya tanki, akagundua kuwa alilipachika kichwa chini: mafuta yakijaa inasoma tupu, yakiisha inasoma kujaa. Alicheka peke yake uani mpaka akakaa. Kisha akanawa, akavaa shati safi, akaenda kumwomba msamaha Mzee Ndahani. Walikula pamoja jioni ile, na hadi wanazikwa walikuwa watu wa kutembeleana.

Majuzi mpwa wangu ameolewa Dodoma mjini. Magari ya msafara yamefungwa vioo, kila kijana anajipiga picha na simu yake, dereva anaongozwa na sauti ya simu, tumefika kabla hata ya saa iliyopangwa. Nilikaa na Shangazi Nyemo kiti cha nyuma. Ana mvi sasa. Alimwomba dereva ashushe kioo.

"Kuna joto nje, mama. Unataka nini?"

"Nataka kusikia wanaoimba."

Dereva akashusha. Shangazi akatoa kichwa nje, akasikiliza kwa muda mrefu. Zilisikika injini tu.