Somo la Mama la Pembetatu

Tangu mama apigwe na kiharusi, maneno yake karibu yote yamepotea. Yamebaki ya ubaoni tu. Alifundisha hesabu darasa la tatu mpaka akastaafu, na sasa sahani anaiita duara, mlango mstatili, na mimi mwanawe wa kumzaa, ninayemlisha na kumwogesha, juzi kaniita pembe butu. Jamani! Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu.

Nimechoka, nasema wazi. Cherehani yangu imekaa kimya pale konani, wateja wamehamia kwa fundi mwingine, na mgongo hauniachi nilale. Nilichotaka kwa kaka yangu ni kitu kimoja: amchukue mama kwake mwezi mmoja tu, nipumzike.

Kila nikimpigia simu ananijibu, "Mdogo wangu, unakuza mambo." Basi nikamwambia aje ajionee mwenyewe. Jumapili akaja na binti yake wa darasa la tatu, mkoba wa shule mgongoni. Nikamkalisha mama kwenye kiti, nikasema moyoni, leo ataona.

Mtoto akafungua daftari. "Bibi, mwalimu kasema tuchore pembetatu. Mimi sijui."

Wallahi sijui kilichompata mama. Alinyoosha mgongo, akampokonya penseli kwa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Mistari mitatu minyoofu," akasema, kwa sauti ileile ya darasani. "Inakutana wapi? Kwenye pembe. Pembe ngapi? Hesabu!"

"Tatu, bibi."

"Mraba una pande nne. Mstatili una pande nne. Tofauti?" Mtoto akakodoa macho. "Pande za mraba zote sawa! Haya, duara." Akavuta mstari kutoka katikati mpaka ukingoni. "Nusu kipenyo. Ukivuka mpaka upande wa pili, kipenyo. Rudia!"

Mtoto akarudia. Kaka akapiga makofi, machozi yanamlenga. Mimi nimesimama na kitambaa mkononi, nimeduwaa. Tangu augue sijasikia sentensi nzima kinywani mwake, na leo zimemwagika mbele ya mtu niliyetaka asizisikie. Nilifurahi, na nilikasirika vibaya sana.

"Mama mzima huyu!" kaka akasema. "Mdogo wangu, acha kunitisha. Ana akili kunizidi mimi. Kumhamisha ni kumsumbua bure."

"Kaka, hayo ni ya ubaoni tu. Hebu mwulize anataka kula nini."

"Aa, tusimchoshe." Alishasimama, anapapasa funguo za gari mfukoni. "Nitapiga simu."

Mtoto akamkumbatia bibi yake, akamvuta mkono awasindikize. Mama hakuinuka. Alikaa palepale, mgongo ameukaza, anatabasamu, mpaka gari likaondoka.

Nilipokwenda kumwinua ndipo nikaona. Kiti kimelowa, gauni limelowa, mpaka soksi. Alikuwa amejikojolea zamani, pengine tangu kwenye pembetatu, akaendelea kufundisha. Sasa akanitazama, anatafuta neno lolote la kuniambia na halipati.

Hasira zote zikaniishia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Umefundisha vizuri, mwalimu," nikamwambia. "Inua mguu nikuvue soksi."